Visumbufu vamizi vya mimea: Siku za kwanza ndizo zinazoamua mavuno

Mwaka 2014 wakulima wa nyanya katika Kijiji cha Ngabobo, mkoani Arusha, waliona majani ya mazao yao yakikauka kana kwamba yamebabuliwa na moto, na matunda yakitoboka kabla ya kuiva. Aliyefanya uharibifu huo alikuwa kiwavi mdogo wa nondo ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, aliyekwisha kuvuka bahari na kuonekana Hispania mwaka 2006 kabla ya kuingia barani Afrika. Wakulima hawakusubiri jina la kitaalamu. Walimwita Kantangaze, na ndilo jina linalotumika hadi leo mashambani, sokoni na hata katika maelezo ya maafisa ugani.

Jina hilo lina sura ya agizo: nenda ukanitangaze. Ni vigumu kupata neno linaloeleza vyema zaidi jambo ambalo sera ya afya ya mimea nchini inapaswa kulitilia mkazo katika hatua inayofuata. Tanzania inayo sheria, inayo mamlaka yenye dhamana, na inao watafiti waliobobea. Kinachohitaji kuimarishwa ni muda unaopita kati ya siku mkulima anapoona shambani kitu asichokifahamu na siku taarifa hiyo inapomfikia mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Kisumbufu kigeni huweza kutokomezwa kikiwa katika mashamba machache. Kikishaenea katika wilaya kadhaa, kinachobaki ni kuishi nacho, na gharama ya kuishi nacho hulipwa kila msimu.

Ukubwa wa gharama hiyo si wa kukisia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kuwa hadi asilimia 40 ya mazao yote duniani hupotea kila mwaka kutokana na visumbufu, kwamba magonjwa ya mimea peke yake huigharimu dunia zaidi ya dola za Marekani bilioni 220, na kwamba wadudu vamizi huongeza hasara isiyopungua dola bilioni 70. Kwa nchi ambayo wananchi wake wengi hutegemea kilimo, hasara hizo hujidhihirisha katika bei ya debe la mahindi, katika ada ya shule isiyolipwa kwa wakati na katika ghala linalokauka kabla ya mvua.

Msingi wa kisheria uliwekwa upya kupitia Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya Sheria ya Hifadhi ya Mimea ya mwaka 1997 pamoja na ile iliyoanzisha Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya mwaka 1979, na ikaanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) yenye makao makuu jijini Arusha. Kabla ya hapo, ukaguzi wa mimea mipakani ulisimamiwa na wizara, na usajili wa viuatilifu ulikuwa mikononi mwa taasisi nyingine. Leo kazi hizo mbili ziko chini ya paa moja. Huo ni mwelekeo sahihi, kwa sababu mdudu mgeni anapoingia, swali la kwanza ni jinsi alivyopita, na la pili ni kipi kinachomuua bila kumdhuru mlaji. Maswali hayo hayapaswi kusubiri barua za ofisi mbili.

Hata hivyo, historia ya visumbufu vilivyoingia nchini inaonyesha kuwa tatizo kubwa limekuwa muda. Dumuzi, mdudu anayetafuna mahindi ghalani, aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati. Wenyeji walimpachika jina la Scania, kama lori, kwa jinsi alivyoyasaga mahindi bila kuchoka. Wataalamu walipomtambua rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa ameshaenea vijijini. Kudhibiti uharibifu wake kulihitaji kubadili desturi ya vizazi: wakulima waliozoea kuhifadhi mahindi yakiwa na magunzi katika vihenge walifundishwa kuyapukuchua mapema, kuyachanganya na dawa ya unga na kuyafungia. Mafunzo hayo yamechukua miongo, na mpaka sasa kila mwaka zipo kaya zinazofungua ghala na kukuta vumbi.

Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aliripotiwa Kenya na Tanzania ndani ya mwaka huo huo mmoja, na kilimo cha maembe hakijarudi kama kilivyokuwa. Kisha akaja Kantangaze. Mwaka 2017 ikawa zamu ya viwavijeshi vamizi, ambao walikuwa wameonekana Afrika Magharibi mwaka mmoja tu kabla ya kufika Tanzania. Kasi hiyo ya kuvuka bara zima ndani ya miezi ni somo kwa yeyote anayepanga bajeti kwa kufuata mzunguko wa mwaka wa fedha.

Nchi imewahi pia kuonyesha kuwa inaweza kuwahi. Makundi ya nzige wa jangwani yalipovuka kutoka Kenya na kuingia Mwanga, Simanjiro na Longido mwanzoni mwa mwaka 2021, yalikuta wataalamu wanayasubiri. Sababu ni kwamba nzige wana mfumo wa kuwafuatilia wa kimataifa na wa kikanda, na taarifa za mwenendo wao zilikuwa zikitolewa tangu walipoivamia Kenya mwishoni mwa 2019. Makundi hayo yalidhibitiwa kabla ya kuleta madhara makubwa nchini. Tofauti kati ya nzige wale na Kantangaze haikuwa ukubwa wa mdudu wala ukali wake. Nzige walitangazwa mapema, Kantangaze alijitangaza mwenyewe.

Ni wazi kwamba si kila kisumbufu kinaweza kuwekewa setilaiti. Wingu la nzige huonekana kutoka mbali, ilhali kiwavi hujificha katika moyo wa mhindi, na virusi vya mihogo havionekani kabisa. Lakini Tanzania inayo hazina yake yenyewe ya uzoefu katika jambo hili, hazina ambayo haizungumzwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, vijiji vichache vilipewa jukumu la kutabiri mlipuko wa viwavijeshi wa asili, wale ambao hujitokeza kwa msimu, huvamia kwa makundi na kuondoka. Kila kijiji kilikuwa na mtego mmoja wenye kivutio cha harufu kinachonasa nondo dume, kipimo cha mvua, na mwanakijiji aliyefundishwa kuhesabu nondo walionaswa na kusoma milimita za mvua. Nondo wakiwa wengi na mvua ikinyesha, mwanakijiji huyo alitoa tahadhari kwa majirani zake, bila kusubiri taarifa kushuka kutoka kituo cha taifa cha viwavijeshi kilichokuwa Tengeru.

Ubora wa mpango ule ulikuwa katika urahisi wake. Haukuhitaji umeme wala mtandao. Mtabiri alikuwa mtu anayejulikana, na tangazo lake lilipitia mikutano ya kijiji, shule na nyumba za ibada. Mkulima alipata siku chache za kukagua shamba lake viwavi wakiwa bado wadogo, yaani wakati ambapo dawa kidogo inatosha. Mafunzo yake yalienda hata nje ya mipaka ya Tanzania. Viwavijeshi vamizi wana tabia tofauti, kwa maana hawaondoki msimu ukiisha, lakini kanuni haibadiliki: jicho la kwanza la nchi ni la mwanakijiji, na jicho hilo linahitaji kifaa, mafunzo na mtu wa kumpa taarifa.

Hapo ndipo penye kiungo kinachohitaji kukazwa. Maafisa ugani wanaokutana na mkulima kila siku wako chini ya halmashauri, ambazo zinasimamiwa na TAMISEMI. Wakaguzi wa afya ya mimea wako chini ya TPHPA, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Watafiti wa mazao wako katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kuanzia Maruku hadi Naliendele. Kila ngazi ina sababu zake za kuwepo, na ugatuaji wa madaraka umeleta huduma karibu na wananchi. Lakini taarifa ya jani lililonyauka, ikipanda kutoka kata hadi wilaya, kisha mkoa, kisha wizara, ndipo ishuke kwa mkaguzi, inaweza kutumia wiki ambazo kisumbufu hazitumii kwa kusubiri. Sera iliyoboreshwa inapaswa kumruhusu, na kumwajibisha, afisa kilimo wa kata kutuma picha na sampuli moja kwa moja kwa mtaalamu wa kanda, nakala ikienda kwa wakuu wake wa kazi. Vituo vya TARI vilivyotapakaa katika kanda vinaweza kufanya uchunguzi wa awali, maabara ya Arusha ikabaki kuwa ya uthibitisho.

Nyenzo zipo kwa kiwango ambacho hakikuwepo mwaka 2014. Tangu mwaka 2022 maafisa ugani wamegawiwa maelfu ya pikipiki. Mpango wa ruzuku ya mbolea umewezesha kuandikishwa kwa mamilioni ya wakulima, pamoja na maeneo yao na namba zao za simu. Daftari hilo lilibuniwa kwa ajili ya mbolea, lakini hakuna sababu ya msingi ya kulifungia huko. Kisumbufu kinapogunduliwa katika kata fulani, wakulima wa zao husika katika kata hiyo na zile zinazopakana nayo wanaweza kupata ujumbe mfupi siku hiyo hiyo, ukieleza dalili za kutazama na namba ya kupiga.

Kutoa taarifa, hata hivyo, ni jambo la imani kabla ya kuwa jambo la simu. Mkulima anayeamini kwamba akisema, mkaguzi atafika na kuamuru migomba yake ing'olewe huku yeye akibaki mikono mitupu, ana kila sababu ya kunyamaza. Ukimya wake hauwezi kuitwa uzembe, maana ni hesabu ya mtu mwenye ekari moja na watoto watano. Nchi nyingi zilizofanikiwa kuangamiza visumbufu katika hatua za mwanzo zimeweka utaratibu wa kumfidia anayeharibiwa mazao kwa manufaa ya wengine. Kwa Tanzania, kifuta jasho hicho si lazima kiwe fedha taslimu. Miche safi, mbegu za zao mbadala na kipaumbele katika ruzuku ya msimu unaofuata vinaweza kutosha, mradi viwe vimeandikwa katika miongozo na vifahamike kabla ya mlipuko. Gharama ya kufidia kijiji kimoja ni ndogo ikilinganishwa na ya kunyunyizia mkoa mzima kwa miaka kumi.

Suala la unyunyiziaji nalo linadai maneno ya wazi. Katika kila mlipuko, mwitikio wa kwanza umekuwa kutafuta dawa. Kantangaze anajulikana duniani kwa kujenga usugu dhidi ya viuatilifu, na mkulima anayechanganya dawa tatu katika bomba moja humuua zaidi nyigu na buibui wanaomla adui yake kuliko adui mwenyewe. Kiwavijeshi vamizi akishazama katika moyo wa mhindi, dawa haimfikii. Udhibiti husishi, unaounganisha ukaguzi wa shamba mara mbili kwa wiki, mitego, kilimo mseto, wadudu rafiki na kiuatilifu kwa kipimo pale inapobidi, umo katika nyaraka za serikali kwa muda mrefu. Unachokosa ni nafasi dukani, kwani muuza pembejeo huishi kwa kuuza chupa, na ushauri wake humfikia mkulima haraka kuliko wa afisa ugani.

Afrika inao ushahidi wa jinsi njia hiyo inavyoweza kulipa. Mdudu mweupe mithili ya unga aliyeshambulia mihogo kuanzia Bonde la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwekwa chini ya udhibiti na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay na kuachiwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Mkulima hakununua chochote wala hakuvaa bomba mgongoni. Mtafiti aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wadudu rafiki hawafanyi kazi kwa kila kisumbufu, na kuwaingiza nchini kunahitaji uchunguzi makini wa TPHPA, lakini uchunguzi huo ni eneo ambalo bajeti ya utafiti ina haki ya kuelekezwa.

Mihogo hiyo hiyo inafundisha jambo jingine. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na watafiti wa Amani, mkoani Tanga. Kwa miongo mingi ulibaki maeneo ya chini ya pwani, ukifahamika na kuvumiliwa, hadi katika miaka ya 2000 ulipojitokeza kwa nguvu katika nchi za Maziwa Makuu. Nzi weupe huubeba kwa masafa mafupi. Masafa marefu hubebwa na binadamu, katika fungu la pingili analopewa ndugu kwa wema anapohamia wilaya nyingine. Desturi hiyo ya kugawana mbegu haiwezi kupigwa marufuku, na haistahili kupigwa marufuku. Inaweza kushindwa kwa kitu bora zaidi, yaani pingili safi zilizokaguliwa na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), zinazouzwa na mzalishaji aliye ndani ya kata kwa bei ambayo mwenye nusu ekari ataimudu.

Mipakani hali ni pana zaidi. Tanzania Bara inapakana na nchi nane, na vituo rasmi vya ukaguzi ni vichache mno vikilinganishwa na njia zinazotumiwa na wananchi wa pande zote mbili kwenda sokoni na harusini. Ukaguzi wa lori lenye nyaraka ni kazi inayofanyika. Mche uliofungwa katika kanga haukaguliwi na mtu, na hakuna idadi ya askari itakayobadilisha hilo. Ulinzi wa kweli hapo ni kubadilishana taarifa na majirani kabla kisumbufu hakijafika mpakani, jambo ambalo nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC wana wajibu nalo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea. Ndani ya Jamhuri yenyewe, kwa kuwa kilimo si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria na taasisi zake, na boti za Dar es Salaam na Unguja hubeba matunda kila siku. Orodha moja ya visumbufu vinavyotazamwa na pande zote mbili ingekuwa hatua ndogo yenye faida kubwa.

Biashara imeshaonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano yaliyofungua soko la parachichi, na kiini cha makubaliano hayo ni afya ya mimea: mashamba na vituo vya kufungashia vinavyoweza kufuatiliwa, na mizigo isiyo na visumbufu vilivyotajwa. Mwezi Aprili 2025, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alitangaza zuio la mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi kujibu vikwazo vya nchi hizo dhidi ya mazao ya Tanzania, ndizi zikiwamo, kabla ya mazungumzo kufungua njia. Katika mabishano ya aina hiyo, hoja yenye nguvu mezani ni takwimu za ufuatiliaji: ramani inayoonyesha kisumbufu fulani kipo wapi na hakipo wapi. Nchi isiyo na takwimu zake hujadiliwa kwa kutumia za wengine.

Yote hayo yanahitaji fedha zinazokaa tayari. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya shilingi trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sehemu kubwa imeelekezwa, kwa haki, katika umwagiliaji na ruzuku. Skimu ya umwagiliaji huzinduliwa na kuonekana. Mlipuko uliozuiliwa hauna jiwe la msingi, na kwa sababu hiyo huwa mwepesi kusahaulika wakati wa kupanga vifungu. Mfuko wa dharura ya afya ya mimea, unaoweza kufunguliwa ndani ya siku chache kwa idhini ya ngazi moja, ungeiwezesha TPHPA kufika kijijini kabla ya msimu kuisha.

Jaribio linalofuata huenda tayari linajulikana kwa jina. Mwaka 2013 aina mpya ya mnyauko fuzari wa migomba, inayoitwa TR4, iligunduliwa katika shamba kubwa la ndizi mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Vimelea vyake huishi udongoni kwa miongo, havina dawa, na husafiri katika tope la kiatu, jembe au gurudumu. Kati ya Nampula na migomba ya Rungwe, Kilimanjaro na Kagera upo Mto Ruvuma, madaraja yake na wasafiri wake. Mgomba ulioshambuliwa huanza kuwa wa njano katika majani ya chini, na shina likikatwa huonyesha nyuzi za rangi nyekundu ya kahawia, tofauti na mnyauko bakteria uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, ambao hutoa usaha wa njano. Mnyauko fuzari wa zamani upo nchini na dalili zake ni hizo hizo, lakini hauziathiri ndizi za aina ya Cavendish katika mazingira ya kitropiki. Mkulima atakayeona Cavendish inanyauka kwa namna hiyo asiing'oe wala kuihamisha, asiondoke shambani na udongo miguuni, na amwite afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo.